"Mfumo umekataa": sasa nani hasa kakataa? (Uzi kutoka mwaloni Kibirizi)

#1 wakala_wa_mwaloni

Mwakeye wadau. Uzi mrefu kidogo, mwenye haraka apite salama.

Mimi ni wakala wa miamala hapa Kibirizi, Kigoma. Kibanda kiko karibu na mwalo, yani pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, kiasi kwamba jioni nikifunga narudi nyumbani nanuka dagaa, na wateja wangu karibu wote ni watu wa ziwa, wavuvi, wamama wanaoanika, madalali, makuli. Sasa mwaka jana walikuja vijana wa taasisi moja inayokopesha kwenye simu (jina naliacha, sina hela ya wakili) wakatuambia mawakala tuwaunganishie wateja, kila mteja ukimuunganisha akakopa unapata kamisheni yako. Nikaunganisha watu kama arobaini hivi. Mmoja wao shangazi yangu, dada yake na baba, ambaye ndiye kanilea toka nina miaka sita.

Shangazi ananunua dagaa wabichi, anaanika, anawauzia wanaopeleka Tabora na Dar. Alianza kukopa laki mbili akalipa, laki nne akalipa, laki sita. Hajawahi kuchelewa ata siku moja, yule mama anaogopa deni kuliko nyoka. Sasa ile aplikesheni ina msaidizi wa kuchati, sio mtu, ni akili mnemba, unaiuliza inakujibu hapohapo kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha kwangu. Shangazi macho yanamsumbua kwahiyo mimi ndo nachapa yeye anasema. Akaniambia iulize, nikimalizia deni lote leo kabla ya siku yake, kesho watanipa laki nane? Ikajibu ndiyo, ukikamilisha malipo mapema utapata kiwango kikubwa zaidi mara moja. Nimeisoma kwa macho yangu nikamsomea kwa sauti na pikcha ya skrini ninayo.

Shangazi akachukua hela yake ya upatu, ndo zamu yake ilikuwa imefika, akamaliza deni. Giza (ndo msimu wetu wa dagaa, naeleza hapo chini) lilikuwa linaanza siku tatu mbele. Kesho yake tunafungua: kiwango chako ni sh 70,000.

Elfu sabini mwaloni unanunulia maneno tu.

Kwa msiojua mambo ya huku, dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, vipe, yani boti za kuvulia dagaa, vinalala, watu wanashona nyavu. Mwezi ukipotea ndo tunaita giza, hapo ndo hela inatembea usiku na mchana. Kwahiyo ukiangalia laini ya shangazi ni siku kumi na kitu kimya kabisa halafu ghafla mamilioni yanapita. Afu 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, laini ikalala kama ya marehemu. Nilipopiga simu huduma kwa wateja dada akaniambia "mfumo unaangalia mzunguko wa miamala, ukiona kimya unashusha". Nikamwambia kimya ni mwezi dada yangu, mwezi wa mbinguni. Akasema anaelewa ila mfumo umekataa.

Shangazi ameikosa giza nzima. Na sasa haongei na mimi. Sio na kampuni, sio na roboti, na mimi.

Swali langu sio la mkopo. Swali langu ni kwamba hapa kuna mtu kadanganywa na kuna mtu kaumia, sasa nani kafanya? Roboti imeahidi, mfumo umekataa, dada wa simu anasikitika, mimi nilikuwa nachapa tu. Kila niliyemgusa ananionyesha mwingine.

#2 mgebuka_mkavu

Pole mkuu. Ila shangazi yako ana akili, kaona wa karibu wa kumnunia ni wewe, roboti ukiinunia haijui 😂

#3 kodi_na_chai

Mimi kazi yangu ni hizi hizi programu, niko Tabora ila nafanya kazi za watu wa mbali kwa intaneti. Ngoja nieleze halafu mnitukane.

Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaandika "wanyime watu wa dagaa". Hicho hakipo. Zamani ndio tulikuwa tunaandika sheria moja moja, kama kipato kiko chini ya hiki kataa. Siku hizi unachukua rekodi za wakopaji wengi sana, waliolipa na wasiolipa, unailisha mashine, yenyewe inatafuta mifanano. Huenda huko mjini mtu ambaye laini yake inakaa kimya siku kumi ni mtu aliyefukuzwa kazi au anayekimbia na laini nyingine. Mashine ikajifunza kimya ni dalili mbaya. Haijawahi kusikia giza wala mbalamwezi. Na ukiniuliza kwanini huyu mama hasa kapewa 70,000 sio 90,000, na mimi niliyeitengeneza naweza nisijue, ndani kuna namba mamilioni zinazidishana.

Na ile ya kuchati ni mfumo mwingine kabisa, kazi yake ni kutunga jibu linalofanana na jibu. Yaani inawezekana haikuwa inajua chochote kuhusu ile ya viwango. Iliahidi kitu ambacho haina mamlaka nacho.

Kwahiyo nani kakosea? Kwa moyo mweupe kabisa, sijui. Ila msinilaumu programa kwa kitu ambacho sikukiandika.

#4 asali_mbichi

Hapo kodi_na_chai umegusa penyewe. Kuna mwanafalsafa anaitwa Andreas Matthias, mwaka 2004 alilisema hili akaliita pengo la uwajibikaji. Hoja yake ni kwamba tangu zamani mtu tunamlaumu kwa kile alichokuwa na uwezo wa kukijua na kukizuia. Sasa mashine inayojifunza, mtengenezaji hakuweza kutabiri itajifunza nini, anayeitumia hajaamua, na mashine yenyewe haiwezi kulaumiwa maana haina kitu cha kulaumiwa. Kosa lipo ila halina mwenyewe.

Nilivyolisoma mara ya kwanza chuoni nikaona ni mambo ya Ulaya. Leo nalisoma tena liko Kibirizi linaanika dagaa.

#5 wakala_wa_mwaloni

@asali_mbichi nimekuelewa, ila hilo pengo mimi napata shida nalo. Pengo ni kitu kinachotokea chenyewe, kama ufa wa ukuta. Hawa walijua wanachokifanya ni kitu wasichoweza kukieleza, kodi_na_chai amesema mwenyewe hapo juu, na bado wakakiweka mlangoni kwa shangazi kikae kama bosi. Ukimfungulia mtu mlango anayeingia hujui ni nani, halafu akivunja vitu unasema sikuvunja mimi?

#6 mwananzengo_kaliua

Mwangaluka. Huku kwetu Kaliua tuna kesi za ng'ombe kila msimu. Ng'ombe wa jirani kaingia shambani kamaliza mahindi. Hakuna mzee wa baraza anayemuuliza ng'ombe, na hakuna anayekubali mwenye ng'ombe akisema "sikumtuma". Hakumtuma ndio, ila ng'ombe ni wa nani? Maziwa anakunywa nani? Basi alipe.

Na ng'ombe naye ana akili zake, anaona upenyo wa uzio anaingia, mwenyewe kajiamulia. Kujiamulia kwake hakujawahi kumwokoa mwenye ng'ombe. Sasa sijui kwanini mashine ikijiamulia tunaanza kushangaa kama kitu kipya.

#7 kodi_na_chai

@mwananzengo_kaliua mfano mzuri ila ng'ombe tangu dunia iumbwe anajulikana anapenda mahindi. Hii ni kama umenunua ng'ombe halafu usiku akajifunza kufungua komeo.

#8 mwananzengo_kaliua

Sawa, na asubuhi ukishajua anafungua komeo? Bado unamwacha?

Halafu kingine. Kwenye kesi hizi anayechapwa fimbo ni mtoto aliyekuwa anachunga. Analia, anaahidi harudii. Anayelipa ni baba mwenye ng'ombe. Hivi ni vitu viwili tofauti. Ukiona mahali mtoto anachapwa halafu baba halipi, ujue hapo hakuna baraza.

#9 mgebuka_mkavu

Wakala wetu ndo mtoto wa kuchunga 😂😂 kachapwa na shangazi

#10 wakala_wa_mwaloni

Cheka tu mkuu, ila ndo hivyohivyo.

Nimekaa na hili wiki nzima nimekuwa nasoma visa vya wenzetu, niwape vitatu mana vimenifanya nione sio mimi tu.

Cha kwanza Marekani, mji wa Tempe, Arizona, Machi 2018. Gari la majaribio la Uber linalojiendesha lilimgonga mama wa miaka 49 akivuka barabara usiku anasukuma baiskeli, akafa. Wachunguzi wa ajali wa serikali yao wakakuta gari lilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Sekunde tano na zaidi, hiyo ni nyingi, unaweza kutamka shahada. Ila likawa linabadili jina, mara ni kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli, na kila likibadili linaanza kupiga hesabu upya anaelekea wapi. Na halikuwa limefundishwa kwamba mtu anaweza kuvuka pasipo na kivuko. Na breki ya dharura iliyokuja na gari kutoka kiwandani ilikuwa inazimwa likiwa linajiendesha. Nani kashtakiwa? Kampuni, mwendesha mashtaka alisema haina kosa la jinai. Akashtakiwa dada aliyekaa kwenye kiti cha dereva kuliangalia, ambaye kweli alikuwa kwenye simu, 2023 akakiri kosa dogo zaidi akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Sisemi hana kosa. Alilipwa aangalie barabara. Ila watu wangapi walikaa vikao kukubaliana kwamba breki izimwe, na wote wamelala nyumbani kwao.

Cha pili Uingereza, na mawakala wenzangu hiki msome mmekaa. Kuanzia 1999 Posta yao iliweka mfumo wa hesabu unaitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, kwa wale wanaoendesha vituo vidogo vya posta mitaani, yani watu kama sisi kabisa. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa hela ambao haupo. Wakawa wanaambiwa lipa, na wengi wakaambiwa ni wewe peke yako mwenye tatizo hili. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine jela, wengine wamefilisika, kuna waliojiua. Sheria ya kule ilikuwa inachukulia kompyuta iko sahihi mpaka wewe uthibitishe haiko. Mpaka Mei 2024 bunge ndo likapitisha sheria ya kufuta zile hukumu kwa mkupuo.

Cha tatu ndo chenyewe. Canada. Jamaa kafiwa na bibi yake, akaiuliza roboti ya kuchati ya Air Canada kuhusu nauli ya msiba, ikamwambia kata tiketi utaomba punguzo baadae. Akakata. Kuomba wakamwambia hapana, utaratibu wetu punguzo linaombwa kabla. Akawapeleka kwenye baraza la usuluhishi la British Columbia, na hapo kampuni ikajitetea kwamba ile roboti ni kitu kinachojitegemea kisheria, inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Nilivyofika hapo nikasimama nikazunguka kibanda. Februari 2024 baraza likasema hapana, roboti ni sehemu ya tovuti yenu, lipeni. Dola za Canada kama 812 na riba humo humo.

Shangazi yangu na yule jamaa wamedanganywa kwa namna moja. Tofauti yake yeye kapata mahali pa kwenda kuuliza.

#11 kodi_na_chai

Nikurekebishe kidogo, Horizon sio AI (akili mnemba). Ni programu ya kawaida yenye makosa.

#12 wakala_wa_mwaloni

Najua mkuu, na ndo inanitisha zaidi. Ile ilikuwa programu ya kawaida, mtu anaweza kufungua akaangalia mstari wa makosa, na bado imechukua miaka zaidi ya ishirini. Hii ambayo wewe mwenyewe umesema hata ukifungua hujui, itakuwaje?

#13 ujiji_mjini

Assalam aleykum. Mimi nitaongea kidogo upande wa dini, asiyependa asome post inayofuata.

Tumefundishwa matendo ni kwa nia. Na mtu hawajibiki mpaka awe na akili timamu na amebaleghe, mtoto mdogo akivunja chombo cha jirani hana dhambi, lakini chombo kinalipwa, mzazi ndiye anashughulika. Mashine haina nia. Haijawahi kumkusudia shangazi ubaya wala wema. Kwahiyo ukitafuta dhambi ndani ya mashine unatafuta maji kwenye jiwe. Dhambi itafute kwa wenye nia. Aliyeiweka alikuwa na nia gani? Kama nia ni kurahisishia watu, vizuri. Kama nia ni kupunguza wafanyakazi wa kusikiliza watu, hiyo nayo ni nia na itaulizwa.

Na niseme jambo lingine, kutojua sio udhuru kila mara. Tabibu asiyejulikana kwa utabibu akitibu mtu akamuumiza anadaiwa, hata kama alitaka kuponya. Kosa lake ni kule kujiingiza kwenye kazi asiyoijua.

#14 asali_mbichi

@ujiji_mjini hilo la tabibu nimeliandika pembeni. Ni jibu la kumjibu Matthias kabisa, kwamba hukuweza kutabiri ndio, lakini ulijua kwamba huwezi kutabiri.

Ila nina swali gumu. Kampuni nayo haina roho, haina nia, hujawahi kuiona ikiswali. Na bado sheria inaita kampuni mtu, inashtakiwa, inamiliki, inalipa. 2017 bunge la Ulaya lilipendekeza ifikiriwe hadhi ya namna hiyo kwa roboti zinazojiamulia zaidi, na mwaka uliofuata wataalamu zaidi ya 150 wakaandika barua kupinga. Kwanini kampuni ndio, roboti hapana?

#15 mgebuka_mkavu

Saudi Arabia mwaka huohuo 2017 walimpa uraia roboti Sophia. Hapa tungempa kwanza namba ya NIDA, asubiri kitambulisho mpaka betri ife 😂

#16 sheria_kidogo

Nijibu hilo la kampuni. Kampuni ukiishinda unapata kitu cha kukamata. Ina akaunti, ina gari, ina wakurugenzi wenye majina yaliyosajiliwa. Roboti ukiishinda unakamata nini? Kuipa utu mashine isiyo na mali ni kumpa mwenye mashine mlango wa nyuma. Ndicho ile kampuni ya ndege ilijaribu kufanya, iseme "mkamateni yule" na yule hayupo.

Kwa wakala: sisi pia tuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake. Ndani yake kuna haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake, kwamba mtu anaweza kudai uamuzi unaomgusa sana usiachiwe mashine tu, mtu auangalie. Andika barua kwa kampuni, mwambie shangazi asaini, ambatanisha ile picha ya skrini. Na kabla ya hapo hakikisha wana leseni, maana Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zisizo na kibali.

#17 reli_ya_kati

Vijana hamjambo. Mimi mzee wenu, nimeendesha treni njia hii ya Tabora Kigoma mpaka nimestaafu, nipo Cheyo nafuga kuku. Mjukuu ndiye kanionyesha uzi.

Mnaongea kama mashine kumwangalia binadamu ni jambo la leo. Kwenye injini kuna kitu dereva lazima akiguse kila baada ya muda, usipokigusa inalia, ukiendelea kukaa kimya breki zinafunga zenyewe. Maana yake mtambo unauliza, upo? Umelala? Umekufa? Sisi hatukuuchukia. Lakini mtambo ule ulikuwa na neno moja tu, simama. Haukuwahi kuniambia nenda.

Kuniambia nenda ilikuwa kazi ya mtu. Stesheni masta anaulizana na mwenzake wa mbele kama njia iko wazi, anaandika karatasi, anasaini, ananikabidhi mkononi ndio naondoka. Treni mbili zikikutana huko mbele, Mungu aepushie, jambo la kwanza watu wanatafuta ile karatasi. Ina jina. Yule aliyesaini alijua siku zote jina lake linasafiri na mimi, kwahiyo hakusaini akiwa anasinzia.

Na ile ndege ya Ethiopia iliyoanguka Machi 2019 ikienda Nairobi, watu 157, mjukuu kanieleza. Mtambo unasukuma pua chini kwa kusikiliza kihisio kimoja kibovu, marubani wanavuta juu. Miezi mitano nyuma ndege ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka Indonesia. Huo ulikuwa mtambo wenye ruhusa ya kusema nenda, na yuko wapi aliyeisaini ile ruhusa? Boeing, kampuni iliyotengeneza ndege hizo, ikaja kulipa zaidi ya dola bilioni mbili na nusu kumaliza shauri. Hela imelipwa, jina mimi sikulisikia.

Wakala, nenda ofisini kwao uwaombe karatasi.

#18 kodi_na_chai

Mzee shikamoo. Hiyo ya simama na nenda nitaiiba niipeleke kazini, na siitanii.

Mnajua kuna kitu sikusema juu kule. Tunapotengeneza hizi, huwa kuna kikao. Mtu anauliza, ikikosea itakuwaje? Na mara nyingi jibu ni "asilimia ndogo tu". Sasa ile asilimia ndogo kwenye karatasi ni namba, hakuna anayeuliza ni kina nani. Inaweza kuwa watu waliotawanyika tu, au inaweza kuwa mwalo mzima. Sijawahi kuuliza. Ningeweza kuuliza.

#19 mwananzengo_kaliua

Afadhali wewe umesema. Sasa tunajua komeo linafunguliwa na nani.

#20 asali_mbichi

Na ikija siku ikajitambua kweli? Yani iwe inajua inachofanya, inaona aibu, inaomba msamaha? Maana mnaongea kama haitakuja.

#21 ujiji_mjini

Ikiona aibu tutaongea nayo. Kwa sasa aliyeona aibu ni kodi_na_chai.

#22 wakala_wa_mwaloni

Wadau nimerudi, samahani kwa kimya, giza lilikuwa limeanza tena kazi nyingi.

Nimefanya kama mzee wa reli alivyosema. Nilienda ofisini kwao mjini, ni chumba kimoja na kijana mmoja, mpole, kanikaribisha kiti. Nikamweleza, akafungua kompyuta akaangalia akasema kaka mfumo umekataa. Nikamwambia sawa sina ugomvi, naomba tu hilo neno uniandikie, kwamba fulani kashushiwa kiwango kwa sababu hii, halafu jina lako na saini. Akachukua karatasi kabisa. Akaandika tarehe. Akaandika "Kuhusu" akaweka nukta mbili. Halafu akaweka kalamu chini, akaniambia, kaka siwezi kusaini kitu ambacho sijaamua mimi.

Nikamwambia basi mpe aliyeamua asaini.

Akacheka. Alafu akaacha kucheka, tukakaa pale wote wawili tunaangalia feni. Na mimi roho iliniuma maana yule kijana alikuwa mkweli kuliko wote niliokutana nao kwenye hili jambo. Angeweza kusaini tu yaishe.

Barua ya @sheria_kidogo nimepeleka, wamegonga muhuri wa kupokea. Leseni wanayo, nimeangalia. Ni hapo nilipofikia kwa upande wao.

#23 mgebuka_mkavu

Na shangazi?

#24 wakala_wa_mwaloni

Nilienda jumapili. Nikamkuta anageuza dagaa, nikamwamkia, akaitika bila kuniangalia. Nikaanza kumweleza yote haya, Canada, Uingereza, pengo la uwajibikaji, karatasi ya reli, nikamwambia shangazi kwa kweli hapa mwenye kosa ni kampuni, mimi nilikuwa nachapa tu, ata mimi mfumo umenigeuka. Akaniacha nimalize. Alikuwa na ufagio mkononi.

Akasema, "na ile kamisheni uliyokula juu yangu, ulipewa na mfumo au ulipewa wewe?"

Sikuwa na jibu. Watu arobaini wale niliwaunganisha mimi, na ata siku moja sikuwahi kuuliza hii kitu inamjuaje mvuvi. Niliuliza kamisheni inaingia lini.

Nimerudi nimepiga hesabu ya yote niliyopata kwa jina lake toka aanze, nikampelekea keshi kwenye bahasha sio kwenye simu. Akaihesabu mbele yangu noti moja moja, akaifunga kwenye kanga. Halafu akanipa ufagio akaniambia upande ule bado haujageuzwa.